Robo ya Mzunguko

Fundi Abdulnasir alirekebisha injini kwa sikio. Kwa miaka thelathini na minne alitengeneza mashine za boti katika banda lake la Jadida, mjini Wete, na hakuwahi kutumia kifaa cha kupima mizunguko. Injini ya petroli ya ndege yetu ya rimoti, yenye ukubwa wa ngumi mbili, aliirekebisha vivyo hivyo.

Kanuni yake ni fupi. Unafungua moto wote ili injini iende kasi yake ya mwisho, kisha unakaza skrubu ya kabureta ili petroli ipungue. Mlio unapanda. Ukifika kileleni, unalegeza skrubu robo ya mzunguko mpaka mlio ushuke kidogo. Petroli hiyo ya ziada ndiyo inayobeba oili iliyochanganywa humo na kuipoza pistoni. Anayezidi kukaza anaikausha injini, na injini iliyokauka hunasa.

Mwezi wa Januari nilimpeleka hospitali kupimwa masikio. Karatasi ilionyesha kwamba sauti nyembamba hazimfikii tena.

"Mashine yao mbovu," alisema, akaikunja karatasi mara nne.

Nilielewa kwa nini. Fundi wa mashine aliyepoteza sikio hana kingine cha kufanyia kazi. Mimi nasomesha fizikia, na niliiamini karatasi. Lakini ni mkubwa wangu kwa miaka ishirini, kwa hivyo sikubishana naye.

Jumapili ya pili ya Februari, baada ya Alasiri, tuliipeleka ndege kwenye uwanja wa mpira wa Mgogoni. Walikuja watu kama thelathini kutazama. Mmoja wao alikuwa Masika, mvuvi ambaye mdomo wake haupumziki.

"Fundi, leo itapaa, au tuisomee dua kabisa?"

"Weye kaa chini, yakhe. Hata ile mashine ya boti uliyoiuza hukuijulia kuiwasha."

"Haya. Ila nna mbuzi wangu kule mihogoni, na sina mwingine."

Watu wakacheka. Tuliufunga mkia wa ndege kwenye kigingi. Fundi akalizungusha pangaboi kwa mkono, injini ikawaka jaribio la tatu. Akafungua moto wote, akainama na bisibisi yake.

Nilikuwa na kipimo cha mizunguko mfukoni. Nilikinunua Disemba, naye alisema kukishika ni kumtukana. Nilikitoa upande asioweza kuniona, nikakielekeza kwenye pangaboi. Mizunguko 7,420 kwa dakika. Akakaza: 7,450. Hicho ndicho kilikuwa kilele. Akakaza tena: 7,390. Akakaza tena: 7,280. Mlio ulikuwa umekuwa mkavu, wa kukwaruza, na hata Masika aliacha kucheka. Fundi aliinamisha kichwa upande, kama mtu anayesubiri mgeni aliyeko njiani. Akakaza mara nyingine, ndipo akalegeza robo yake. Robo hiyo haikutosha hata kuirudisha injini kileleni.

"Imekaa," alisema.

Nilirudisha kipimo mfukoni. Kumsahihisha fundi mbele ya watu thelathini ni jambo nisiloliweza. Sina sababu nyingine.

Ndege ilipaa vizuri, rimoti mikononi mwangu. Dakika ya nne, ikiwa juu ya mihogo, injini ilizimika ghafla, bila kukohoa. Nilijaribu kuiteremsha taratibu, lakini upepo ulikuwa mgongoni mwake. Ilipiga ardhi kwa bawa la kushoto, bawa likavunjika.

"Oili," alisema Fundi. "Umeninunulia oili mbovu, Mwalimu."

"Labda," nilisema.

Kesho yake asubuhi, bandani, aliifungua injini. Alizipanga sehemu zake juu ya gazeti kwa mpangilio aliozitolea. Plagi ilikuwa nyeupe kama chokaa. Pistoni ilikuwa na mikwaruzo mirefu upande wa ekzosi, na ringi yake imeganda. Kisha akaingiza kidole chini kabisa, kwenye beringi. Kilitoka kimelowa oili. Alikitazama kwa muda.

"Oili ilikuwemo," alisema.

"Ilikuwemo."

"Basi petroli ndiyo iliyopungua. Nimekaza mie."

Nikampa kitambaa afute kidole.

"Weye ulisikia?"

"Nilipima." Nikamtajia nambari zote nne.

"Ukanyamaza vyereje?"

"Watu walikuwa wengi, Fundi."

"Na mengine mnayoninyamazia? Sema. Mie si mtoto."

Nikasema. Kwamba mkewe, Bi Mwanapili, ana mwaka mzima hamwiti tena kutoka jikoni. Huja akasimama mbele yake. Kwamba Masika hakuiuza mashine yake kama alivyomwambia; tangu Ramadhani iliyopita anaipeleka Chake Chake kwa fundi mwengine. Nilisema bila kupamba, na ilinibidi nipaze sauti, kwa sababu alikuwa amenigeuzia uso pembeni.

Mara akasimama.

"Soud," alisema.

Soud ni mvuvi wa Wambaa. Alhamisi iliyopita alikuja kuchukua mashine ya boti yake, na Fundi ndiye aliyeirekebisha, kwa mkono uleule na sikio lilelile.

"Anatoka nayo nje ya mwamba na wanawe wawili," alisema Fundi. "Mpigie. Mwambie asiiwashe. Piga weye, mie sitamsikia."

Niliweka simu sikioni. Iliita mpaka ikakatika. Nikapiga tena, ikaita mpaka ikakatika.

Fundi alikuwa akinitazama midomo.

"Kasemaje?" aliuliza.