Kitanda Kilichopasukia Suswa

Jana Jumapili, baada ya chakula cha mchana, Simaloi alijilaza kidogo, akaota ndoto ambayo mpaka sasa hajui aiite nini.

Alikuwa amempa mgongo mumewe, Koinet, aliyelala kando yake. Hawakuwa wamesemezana tangu asubuhi. Koinet alikuwa amepata kazi Voi, mbali huko mashariki kuelekea pwani, na Simaloi, anayefundisha shule Narok, hakutaka kusikia habari za Voi. Binti yao Resian alikuwa kwa bibi yake, kwa hiyo nyumba yao ya Suswa, chini kabisa katika Bonde la Ufa, ilikuwa kimya.

Katika ndoto, kitanda kinapasuka. Hakuna kishindo. Kinaachana tu katikati, pamoja na godoro na sakafu. Koinet anabaki upande wa mashariki, amelala fofofo. Simaloi yuko magharibi. Katikati kuna ufa.

"Usiogope," ufa unasema. "Mimi siendi mbio. Naenda kwa mwendo wa kucha zako."

Simaloi anatazama vidole vyake. Kucha zinarefuka hadi sakafuni, na kila zinaporefuka Koinet anazidi kwenda. Anazing'ata. Zinaota tena.

"Baba Resian! Amka, unaenda!"

Koinet anajikuna sikio, anageukia ukutani.

Simaloi hakuona njia ila kushuka ufani ili atokee upande wa pili. Ganda la dunia lilikuwa jembamba kuliko alivyodhani. Mara akawa amelipita. Chini yake akakuta jabali la moto linapanda bila haraka.

"Wewe ni jiwe au uji?" akauliza.

"Jiwe," jabali likajibu. "Lakini natiririka. Ukinipa miaka milioni kadhaa utaona."

"Unaenda wapi?"

"Juu. Nikifika chini ya kitanda chenu nitagawanyika, nusu mashariki, nusu magharibi. Mabamba ya dunia yamekaa juu yangu, nayo yanaenda. Mumeo yuko juu ya moja."

"Huwezi kwenda upande mmoja tu?"

"Mimi nasukumwa na joto. Kamuulize mwenye moto."

Akashuka mpaka kwenye kiini cha dunia. Palikuwa jikoni kwa mama mkwe wake, ila juu ya jiko palikuwa na tufe la chuma, limezungukwa na chuma kilichoyeyuka, kinafoka kama maziwa yanayotaka kumwagika.

"Nakuomba, punguza moto," akasema.

"Zima mwenyewe, swichi hiyo hapo," kiini kikasema. "Ila chuma hiki kikiacha kuchemka, dira hazitajua kaskazini. Jabali litasimama. Volkano zitanyamaza, milima haitainuka. Ardhi itatulia kama ya Mwezi, na hakuna kitakachomwacha mwenzake tena."

"Na sisi je?"

"Mwezini hakai mtu, mama."

Simaloi alikuwa ameshaishika swichi. Akamwona Koinet akilini, amelala palepale siku zote, hageuki, hajikuni sikio. Akauondoa mkono.

"Basi, acha uwake," akasema.

Jabali likampandisha. Alipotokeza, bahari ilikuwa imeshaingia ufani, na ng'ambo ya pili Koinet ameamka, amepiga magoti ukingoni mwa nusu yake ya godoro. Anaonekana mdogo kama njiti ya kiberiti.

"Mama Resian! Nipe mkono!"

"Haufiki!"

"Nipe hivyo hivyo!"

Simaloi anaogelea, maji yanamwingia puani, ufa unazidi kupanuka. "Nenda Voi!" anapiga kelele. "Nenda! Shule zikifungwa tutakuja!" Ananyoosha vidole. Koinet anainama na kuzamisha mkono majini.

Akaamka.

Kitanda kilikuwa kizima. Koinet alikuwa amekaa upande wake, anautazama mkono wa kulia wa shati lake. Ulikuwa umelowa chapachapa hadi kwenye kiwiko. Kwingine kote shati lilikuwa kavu.

"Mama Resian," akasema polepole, "hebu onja hapa."

Simaloi akagusa kwa ncha ya ulimi. Yalikuwa maji ya chumvi, na yalikuwa bado na uvuguvugu.