Hakuna Anayefinya Zaidi ya Madamu

Wako wanaume wanaoogopa nyoka, na wako wanaoogopa mama mkwe. Gaster, koplo mstaafu wa magereza, aliogopa choo chake mwenyewe. Kilikuwa choo cha shimo nyuma ya nyumba yake kule Wanyange, karibu na Jinja nchini Uganda, kisafi, chenye mlango wa bati, na kuchuchumaa humo hakukumpa taabu yoyote. Taabu ilikuwa kuinuka. Mapaja yale yale yaliyowahi kufukuza wafungwa watoro hadi ndani ya mashamba ya miwa yalikuwa yamegoma, na kila asubuhi ilimbidi apige kelele, "Mama Jude! Njoo!"

Mkewe, Lillian, alikuja akifuta mikono kwenye leso, akamshika makwapa na kumvuta juu huku akigeuza uso pembeni kwa heshima. Heshima hiyo haikuvuka ua. Ng'ambo ya pili jirani yao Zahara, muuza mandazi, alikuwa ameacha kutazama saa; akisikia "Mama Jude!" alijua wakati wa kutia mafuta kwenye karai umefika. Mtu aliyekagua seli za majambazi sugu amegeuka saa ya mandazi! Ilimuuma Gaster, tena ilimuuma zaidi kwa sababu mandazi yenyewe yalikuwa matamu na hakuweza kuyasusia.

Basi chama cha wastaafu wa magereza kilipotangaza kwamba daktari mmoja wa Mbale anatafuta wazee kwa utafiti wa misuli, Gaster angekuwa wa kwanza kujiandikisha, ila alisubiri kwanza waliomzidi cheo wajiandikishe.

Daktari mwenyewe, Racheal, alikuwa binti wa Kigisu mwenye miwani mikubwa. Kiswahili alikuwa amekiokota utotoni kwenye vizuizi vya askari barabarani, kwa hiyo alichokijua vizuri ni amri: simama, kaa, leta mkono. Wazee wa magereza walimpenda papo hapo. Aliwaeleza kwamba ndani ya nyama ya mguu mna vitu vidogo visivyoonekana kwa macho, viitwavyo mitokondria, ambavyo huchoma chakula na kutoa nguvu.

"Ni kama sigiri ya makaa," alisema. "Sigiri ikizeeka, moshi mingi, moto kidogo. Mwili ya kijana natupa sigiri mbovu, naweka mpya. Mwili ya mzee nachoka kutupa."

Katika zambarau, zile ambazo wenyeji huziita jambula na zinazowaacha watoto na ulimi mweusi, mna kitu ambacho vijidudu vya tumboni hukigeuza kuwa kitu kingine. Daktari alitaka kujua kama hicho kingine kinaweza kuukumbusha mwili wa mzee kutupa sigiri zake mbovu. Nusu ya wazee wangemeza vidonge vya unga wa zambarau na nusu vya unga wa muhogo, na mpaka mwisho hakuna ambaye angejua nani anameza nini, hata daktari.

Gaster alimeza vyake kama mtu anayekula kiapo. Na siku moja asubuhi, mwezi wa pili ukielekea kwisha, alichuchumaa, akamaliza, akavuta pumzi ili aite, na kabla hajaita akajikuta amesimama. Alitazama chini kuhakikisha miguu ni yake. Kisha akarudi chini, akainuka tena, safari hii kwa raha tu. Lillian alimkuta akitoka mwenyewe, kifua mbele, akitembea kama yuko gwaride la siku ya uhuru. Zahara siku hiyo alichelewesha mandazi mpaka wateja wakaenda kwa mwingine.

Furaha hiyo ingedumu, lau si ile mashine ya kufinya.

Kila mwezi wastaafu walichukuliwa kwa basi dogo kutoka Jinja hadi Mbale, wakapimwa katika ukumbi wa kanisa. Hakuna aliyewapanga, lakini walikaa kwenye mabenchi kwa kufuata vyeo. Mbele kabisa alikaa Madamu Santa, aliyekuwa mkuu wao wa gereza, bibi wa miaka themanini, mwembamba kama kuku wa kienyeji. Akafuata Afande Lawrence, sajini, mwenye masharubu. Kisha Gaster, kisha askari wa kawaida, wa mwisho akiwa Isabirye, ambaye hadi leo hubeba magunia sokoni Jinja. Mmoja mmoja walipewa mashine yenye mpini ya kupima nguvu ya mkono, wakaufinya, na daktari akasoma namba kwa sauti.

Siku ya kwanza Madamu alifinya. "Kumi na mbili!" akasema daktari.

Sasa Lawrence angefanya nini? Maisha yake yote ya kazi hakuwahi kuketi kabla ya Madamu, wala kunywa chai kabla yake, wala kucheka kabla yeye hajacheka. Heshima si utumwa. Akafinya kumi na moja. Gaster akafinya kumi. Namba zikateremka benchi kwa benchi, na zilipomfikia Isabirye, mtu yule mwenye mikono kama magogo aliushika mpini kama kifaranga, hata daktari akaigonga mashine akidhani betri imekufa.

Mwezi uliofuata Madamu alifinya kumi, na wote wakashuka naye. Mwezi wa tatu akafinya nane. Daktari Racheal alisimama mbele yao, miwani mkononi, macho mekundu.

"Wazee wangu," alisema, "mashine nasema nyinyi nakwisha. Wote nakwisha, kwa hivyo hata wa muhogo! Mimi hapana weza kulisha watu kitu yenye nawaua. Leo napima mara ya mwisho. Kama ni vile vile, kesho nafunga."

Gaster alihisi choo kikimwita toka Jinja. Alimwinamia Lawrence. "Afande, sisi ndio tunaharibu. Tunafinya nusu nusu."

"Koplo," Lawrence alinong'ona bila kugeuza shingo, "wewe nataka kupita Madamu? Mbele ya watu?"

"Hapana, Afande."

"Basi nyamaza."

Gaster akanyamaza. Alitaka kuendelea kunyamaza, kwa kweli, maana kunyamaza alikuwa amekuzoea kuliko hata kutembea. Lakini Madamu alipoitwa tena na daktari akasoma "Saba!" kwa sauti ya mtu anayezika, Gaster alimwona akilini Lillian akija na leso yake, asubuhi baada ya asubuhi, na Zahara na karai lake. Mficha uchi hazai. Alisimama, akapiga saluti mpaka bega likalia.

"Madamu! Naomba ruhusa kusema!"

"Sema, Koplo."

"Mimi zamani nilikuwa nashindwa kutoka choo, Madamu. Bibi yangu ndiye nanivuta. Sasa natoka peke yangu. Hii dawa iko nafanya kazi! Lakini hapa mkono nafinya kidogo juu ya cheo yako. Sisi wote. Hakuna mtu nataka kufinya zaidi ya Madamu."

Kalamu ya daktari ilianguka ikabiringika hadi chini ya benchi. Madamu Santa aliwageukia askari wake polepole, akamtazama mmoja baada ya mwingine, na kila aliyetazamwa akakuta kuna jambo la maana sana kwenye viatu vyake.

"Lawrence, ni kweli?"

"Ni heshima tu, Madamu."

"Wajinga!" Sauti ile haikuwa ya kuku. "Mimi niko nafinya pole pole juu ya huruma! Nilisema, hawa wanaume wamezeeka, wakishindwa na bibi kizee watalia kwa basi mpaka Jinja. Nikaona mko chini, nikashuka mnipite. Nashuka, mnashuka! Mlitaka nifike wapi? Kaburini?"

Akamnyang'anya daktari mashine, akauma meno, akafinya.

"Ishirini na sita," daktari alisoma, akaifuta mashine, akasoma tena.

"Kikosi!" Madamu alinguruma. "Kila mtu nguvu yote! Hii ni amri!"

Hapo ndipo Mbale ilipoona mambo. Lawrence alifinya mpaka kifungo cha suruali kikaruka kikampiga kasisi aliyechungulia mlangoni. Gaster alifinya huku akipiga kelele kama anayezaa. Ilipofika zamu ya Isabirye, mpini ulibaki mkononi mwake na mashine ikabaki kwa daktari. Racheal alilia, halafu akacheka. Kila kipimo cha nyuma kilikuwa takataka, alisema. Itabidi kuanza upya, mashine mpya, kila mtu na chumba chake, mlango umefungwa. Vidonge vitaendelea mwaka mzima.

Jioni Gaster alimsimulia Lillian yote, akicheka hadi akashika mbavu. Lillian hakucheka.

"Ule mwimo wa mlango wa choo," alisema, "wenye nang'aa. Wewe nafikiri nani nausugua?"

Gaster siku zote alidhani ni mbuzi. "Ni wewe?"

"Najivuta nao. Mwaka wa pili sasa."

"Mama Jude! Mbona hukuniita?"

"Nikuite?" Lillian alimtazama bila hasira. "Ungeniinua na nini?"

Gaster aliona aibu, aibu ya kweli, kubwa kuliko ile ya Zahara. Alikuwa amesimama peke yake kwa wiki kadhaa akijipongeza, na hakuwahi kuuliza mwenzake anasimamaje. "Kesho uniite," alisema hatimaye.

"Hiyo ni amri, Koplo?"

"Hapana. Nakuomba."

Asubuhi iliyofuata sauti ilitoka nyuma ya nyumba, kwanza kwa woga, kisha kwa nguvu zote: "Baba Jude! Njoo!" Gaster alitoka mbio, kiatu kimoja mguuni, akamshika makwapa, akageuza uso pembeni kwa heshima na kuvuta. Ng'ambo ya ua, Zahara akatia mafuta kwenye karai.