Picha ya Kamba ya Nyuma

Mimi ni mpumbavu. Ushahidi ulikaa siku tatu kwenye dirisha la kinyozi wa mtaa wetu hapa Siracusa, umebandikwa utepe wa mshindi.

Kuanika nguo kwetu kuna adabu yake. Shuka nzuri huanikwa kamba ya mbele, barabarani. Zenye viraka hujificha nyuma. Mama yangu alianika hivyohivyo, kwa hiyo sina kisingizio. Lakini nilipopanda darini na kamera, nikamwona Rosalba, binti wa jirani yetu Bi Nunziata, akicheka katikati ya nguo, jua likipenya kwenye viraka. Nikasahau adabu zote, nikapiga picha. Ikashinda shindano la picha la mtaa, na kinyozi akaiweka dirishani kwake.

Bi harusi wa kwetu huenda kwa mumewe na shuka kumi na mbili zilizotariziwa jina lake, ambazo hazijalaliwa na mtu. Za Rosalba zilikuwa zimelaliwa. Majira mawili ya baridi mfululizo mama yake hakuwa na nyingine za kuwafunika wadogo zake. Na picha nyeusi na nyeupe haifichi kitu, hata uzi wa kiraka unauhesabu.

Jumamosi akapita Bi Agatina, mama wa mchumba wa Rosalba. Akavaa miwani.

"Hee! Hizi herufi si za mkwe wangu?"

"Picha tu hiyo, Bi Agatina," kinyozi akajitia kucheka.

"Picha tu? Matambara haya ndiyo walitaka kuniletea nyumbani kwangu! Wamenifanya bwege!"

Mimi nilikuwa kitini, povu shavuni. Nikajifunika uso kwa taulo. Aibu ile bado inanichoma.

Jioni uchumba ulikuwa umevunjika. Niliing'oa picha dirishani, nikaenda kubisha kwa Bi Nunziata.

"Karibu, Saro," akasema, macho mekundu. Akanitolea kikombe cha wageni. Laiti angenitukana!

"Bi Nunziata, ni mimi niliye..."

"Kunywa kahawa kwanza, mwanangu, itapoa."

Nikanywa. Mara nikasikia viatu vikikimbia chumba cha pili, na Rosalba akatokea amevaa gauni la kanisani, nywele amezichana upya.

"Mama, wakwe wamerudi?"

Akaniona mimi.

"Ah," akasema. "Ni Saro tu."

Akarudi ndani, akafunga mlango polepole.