Mashada Yaliyokauka

Mwaka 1973 ulipokaribia kwisha, na mafuta ya kupashia nyumba joto yakapanda bei kupita kiasi, Deusdedit wa Bukoba alianza kurudi kutoka kazini akiburuta magunia juu ya kile kigari kisicho na magurudumu ambacho watoto wa Stockholm huchezea kwenye theluji.

Yeye, mkewe Gaudiosa na binti yao Domina walipanga vyumba vya chini katika nyumba ya mbao pale Spånga, kitongoji cha Stockholm. Tanuri lilikuwa katika chumba cha chini ya sakafu, la aina ya kale, linalokula mafuta na kuni pia. Mwenye nyumba, bibi kizee aliyeishi juu, aliwapunguzia kodi kwa sharti moja: Deusdedit ndiye atakayetafuta cha kuchoma, na moto usizimike.

"Ni matawi ya bustani za manispaa," alimwambia mkewe. "Hutupwa bure."

Kutupwa yalitupwa kweli. Lakini hayakutoka bustanini. Deusdedit, aliyeletwa Sweden kusomea mambo ya ushirika, na ambaye ndugu zake Bukoba waliamini kwamba anakaa mezani ofisini, alikuwa mchimba makaburi. Hakuna Mtanzania wala Mganda aliyelijua hilo, hata Gaudiosa. Na kila baada ya wiki kadhaa wafanyakazi wa makaburini hukusanya mashada yaliyokauka na kuyalundika nyuma ya kibanda cha majembe. Msimamizi hakuona taabu Deusdedit alipoomba kuyachukua. Nyasi kavu na matawi ya msonobari yenye utomvu huwaka vizuri mno.

Jumapili moja ya Januari alikuja Ssali, Mganda aliyekimbia Kampala, mgane wa mwezi na nusu. Mkewe Teopista alikuwa amefariki kwa saratani. Nyumba za ghorofa alikokaa zilikuwa zimepunguziwa joto kwa sababu ya uhaba wa mafuta, kwa hiyo Deusdedit akamkaribisha chini, kwenye tanuri, mahali penye joto kuliko pote.

"Acha nikusaidie, ssebo," Ssali alisema, akatia mkono guniani.

Alitoa shada, akalinyanyua kulitumbukiza motoni, kisha mkono ukasimama. Alilisogeza karibu na mwanga wa tanuri. Katikati ya matawi makavu palikuwa na utepe wa rangi ya udongo, umefungwa mafundo mawili. Haukuwa utepe wa dukani. Ulikuwa kitambaa cha gome la mti, lubugo, ambacho Waganda, na Wahaya wa zamani pia, huwavisha maiti wao.

"Hiki umekipata wapi?"

Deusdedit alikitazama. Wiki nzima alikuwa akijaza magunia bila kuangalia alichoshika.

"Nilikikata kwenye lubugo ya mama yangu," Ssali alisema polepole. "Nikakifunga kwa mikono yangu kwenye shada la Teopista. Sasa niambie, kimefikaje hapa?"

Gaudiosa alikuwa kwenye ngazi na sinia la chai. Alisikia yote. "Baba Domina," aliita, "si ulisema matawi ya bustani?"

"Hata makaburini kuna bustani," Deusdedit alijibu. Neno lilipokwisha kumtoka alilisikia mwenyewe, akatamani ardhi ipasuke immeze.

Ssali alifungua mafundo taratibu, akaukunja ule utepe, akautia katika koti lake. Shada lenyewe aliliweka sakafuni, mbali na moto. Alipanda ngazi, akamwambia Gaudiosa asante kwa chai ambayo hakuinywa, akaondoka.

Gaudiosa hakupiga kelele, na afadhali angepiga. "Maji ya kumwogesha mtoto," alisema kwa Kihaya, "tumeyachemsha kwa mashada ya wafu. Na ya Teopista!" Akafungua madirisha yote, baridi ikaingia, hadi bibi wa juu akagonga sakafu yake kuuliza kulikoni.

Siku iliyofuata Deusdedit alikwenda kwenye karakana ya seremala karibu na kituo cha treni, akaomba maranda na vipande vya mbao. Seremala alicheka kidogo, akamwonyesha lundo: chukua utakacho. Lilikuwa jambo la kuomba tu, na lundo lilikuwapo tangu Oktoba. Aliona haya kubisha hodi kwa mgeni kama ombaomba, kumbe alikuwa akijitafutia aibu kubwa zaidi.

Jumamosi alikwenda kwa Ssali. Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Nimekuja kuomba radhi, kaka."

"Watu wa makaburini wangelitupa lile shada?"

"Wangelitupa. Yote hutupwa."

"Basi shada tusiliseme tena." Ssali alivaa koti. "Theluji imefunika, na jiwe bado halijawekwa. Nimekwenda mara mbili, kaburi silioni. Kumbe wewe unafanya kazi kule. Nipeleke."

Walikwenda kwa miguu. Makaburini kulikuwa kweupe tupu. Deusdedit alipita safu ya kwanza, akapita ya pili, akakata kushoto kwenye mti mmoja wa mbetula, akasimama. Hakuwa ametafuta hata kidogo.

"Ni hapa."

Ssali alimtazama. "Umejuaje? Siku ya mazishi ulinipigia simu, ukasema una homa."

Hapo Deusdedit angeweza kusema kwamba ameonyeshwa na wenzake. Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Akaumeza.

"Sikuwa na homa. Nilikuwapo. Kaburi nililichimba mimi. Mlipokuja nikajificha nyuma ya kibanda, msinione na koleo. Mlipoondoka nikarudi kulifukia."

Treni ilipita mbali, ikatokomea.

"Tulikuwa wanne," Ssali alisema. "Jeneza lilitaka watu sita. Tulisimama kwenye baridi tukiangalia huku na huku, mpaka padri akawaomba wapita njia wawili watusaidie. Watu wasiolijua hata jina lake. Nawe ulikuwa unatuona."

"Nilikuwa nawaona."

"Koleo ni kitu gani, Deusdedit? Sote hapa tunafagia na kuosha vyombo. Mimi mwenyewe naosha sufuria hospitalini."

Uso ulimwaka Deusdedit katika baridi ile. Ssali hakumwambia kwamba amemsamehe, wala hakumfukuza. Alipiga magoti, akaanza kuondoa theluji kwa mikono yake yenye glavu. Baada ya kitambo Deusdedit naye alipiga magoti upande wa pili, akafukua, bila kuinua macho, mpaka udongo ukaonekana.