Kiota Ndani ya Ngitili

Mwaka makampuni ya watu binafsi yalipoanza kununua pamba, kila gari geni lililoingia Nkololo tulilitazama vibaya. Kijiji cha jirani walikuja watu wakasema wanatafuta maji. Baadaye malisho yakawa na mwenyewe. Ngitili yetu, malisho ya akiba ya kijiji, tunaifunga masika yote ili ng'ombe wapate majani kiangazi. Ikienda, ng'ombe wanakufa. Kwa hiyo nilipomkuta mgeni na darubini katikati yake, sikumsalimu.

"Mwangaluka, bhabha," alisema yeye.

"Hata salamu ya Kisukuma wamemfundisha," alisema Masalu, mlinzi mwenzangu.

Mgeni akajitaja kuwa ni Januarius, kutoka Mwanza. Anatafuta ndege.

"Ndege gani?"

"Mdogo sana. Mgongo wa kijivu, tumbo la kahawia hafifu. Kiota chake kile."

Kwenye mgunga ulining'inia mfuko mweupe, kama pamba iliyoshindiliwa. Nilivuta tawi nikaingiza kidole kwenye tundu. Kikagonga ukuta. Hakuna chumba.

"Humu halali ndege. Wewe unapima ardhi."

"Tundu hilo ni la kudanganya nyoka, bhabha. Tukae kimya, utaona."

Tulikaa. Masalu alikuwa anasonya tu. Mara akaja ndege, akalia kwa sauti nyembamba, akatua kwenye tundu lile la uongo. Kwa mguu mmoja akavuta mkunjo uliokuwa juu ya tundu. Ukafunguka. Akaingia, na mkunjo ukajifunga, usingejua kuna mlango.

"Jioni wanaingia jamii nzima," alisema Januarius, "wanalala wamebanana."

Masalu akanigeukia, akacheka. "Mahona, ndege amekuweza!"

Nilicheka pia, kidogo. Kuhusu ndege alikuwa amesema kweli. Mimi sikuwa na shida na ndege.

"Aliyekutuma anataka habari za ndege tu?"

Akafuta darubini kwa shati. "Wanataka kujua wadudu na ndege waliopo, kabla eneo halijagawiwa."

"Ligawiwe kwa nani?"

"Hapo sikuambiwa, bhabha."

"Na hukuuliza?"

Nilimwangalia Masalu, naye akapiga yowe la kuita kijiji. Wanaume wenye fimbo walijaa ngitili jua likiwa bado halijachoma vizuri, na Januarius akaambiwa aanze kueleza upya, safari hii aache ndege.