Misumeno Mitatu na Mgongo wa Winchi

Winchi alipata jina hilo ujanani, siku alipobeba gogo begani peke yake huku wenzake bado wakibishana nani akae mbele na nani nyuma. Tangu hapo hakuna aliyemwita vingine, na yeye mwenyewe aliliamini lile jina kuliko lililoandikwa kwenye kitambulisho chake. Alikuwa fundi wa kukata miti: iliyoegemea mapaa, iliyokauka karibu na nyaya, iliyopasua kuta kwa mizizi. Yeye alishika msumeno wa mnyororo, mkewe alishika kamba ya kuongoza mti uangukie wapi. Ndivyo walivyofanya kazi tangu waoane.

Sasa msumeno wao ulikuwa umekufa. Fundi wa mashine aliufungua, akaitazama pistoni iliyogandana na silinda, akaufunika tena taratibu kama anayefunika uso wa marehemu. "Poleni," alisema.

Tatizo la pili lilikuwa mgongo wa Winchi, ila hilo halikutajwa nyumbani. Mkewe alilijua kwa sababu siku hizi mumewe alivaa viatu akiwa amelala chali kitandani, miguu juu, kama mtoto anayebadilishwa nepi. Alipoulizwa, alijibu kwamba soli za kisasa zinataka kukaguliwa kwenye mwanga.

Wakaenda duka la vifaa. Mwenye duka alikuwa mama mnene, mtaratibu, miwani yake ikining'inia shingoni kwa uzi. Uani alikuwa amelaza gogo nene juu ya matofali, maana hakupenda kuuza msumeno kwa maneno matupu. Akawatolea mitatu ya ukubwa wa kati: mwekundu, wa njano na wa kijivu.

"Huu," Winchi akasema, ameshaunyakua ule mwekundu.

"Huo ndio mzito kuliko yote, shemeji."

"Uzito ndio kazi yenyewe. Chombo chepesi mti unakidharau."

Akavuta kamba mara moja, ukawaka. Ukalikata gogo kama sabuni. Winchi akauzima, akageuka uso umemchangamka.

"Unakata kweli," mkewe alisema. "Hebu endelea kuushika hivyo hivyo, baba watoto. Juu ya mti hakuna meza ya kuuweka." Kisha akamgeukia mwenye duka. "Dada, hata hatujasalimiana vizuri. Watoto hawajambo?"

Mwenye duka alimtazama mke, akamtazama Winchi, akaelewa. Naye alikuwa na mume.

"Hawajambo. Nianze na yupi?"

"Anza na kifungua mimba."

Kifungua mimba alikuwa ameoa, na harusi yenyewe ilikuwa na vituko vyake. Aliyemfuata alisomea uuguzi ingawa aliogopa damu. Habari zilipofika kwenye kuzimia kwake mbele ya sindano, mikono ya Winchi ilikuwa imeshuka kutoka kifuani hadi kiunoni. Wa tatu alikuwa na mapenzi ya kufuga njiwa, na njiwa hao wakaelezwa mmoja mmoja. Ncha ya msumeno sasa ilitazama vidole vya miguu.

"Na wewe shemeji, unauonaje?"

"Naona," Winchi alisema, na sentensi ikaishia hapo.

Kitinda mimba ndiyo kwanza alikuwa anaota meno. Hapo Winchi akajaribu kuutua msumeno. Aliinama nusu, kitu kikalia *tak* kiunoni, akabaki vile vile kama mtu anayetafuta sindano aliyoiangusha.

Mkewe akaacha mchezo. Alimpokonya msumeno, akamshika kwapani, wakasaidiana na mwenye duka kumkalisha juu ya mifuko ya saruji. Kichwa hakikuinuka. Alichoweza kuona ni miguu ya watu.

"Nisamehe," mkewe alisema. "Nilitaka uchoke tu. Sikutaka uumie."

"Si ungeniuliza."

"Nilikuuliza. Ukanipa habari za soli."

Winchi akajishika kiuno. "Jaribu hiyo miwili," alisema hatimaye. "Macho yangu yako chini, lakini masikio hayajapinda."

Mke hakuwa mgeni wa msumeno. Kila asubuhi yeye ndiye aliyeupasha moto kabla ya kuupandisha kwa kamba. Wa njano ulikuwa mwepesi kama birika tupu. Alikata vipande kadhaa bila kutoka jasho, akauzima. Alipotaka kuuwasha tena, ukagoma. Akavuta, akavuta, akapumzika, akavuta.

"Umepata moto," sauti ikatoka kwenye saruji. "Huo utatukalisha mtini tukisubiri upoe."

"Mwepesi kuubeba, mzito kuubembeleza," mwenye duka akakubali.

Ukabaki wa kijivu, ambao hakuna aliyekuwa ameutupia jicho. Mke alipouinua ulitulia mkononi, haukuinamia mbele wala nyuma. Ulikata polepole kuliko mwekundu, lakini haukumtetemesha mikono.

"Zima," Winchi alisema. "Washa. Zima. Ulaze ubavu. Washa." Kila mara uliitika. "Una kasoro gani?"

"Kifuniko cha mafuta ni kigumu. Na rangi yake mbaya," mkewe alijibu.

"Rangi siioni." Akapumua. "Basi ni huo. Ila utashikwa na nani?"

"Na mimi."

"Na mimi je?"

"Utashika kamba."

Winchi aliitazama miguu ya mkewe kwa muda mrefu. Haikusogea.

Kazi yao ya kwanza na msumeno mpya ilikuwa mti mkavu nyuma ya shule, jirani na choo cha walimu. Winchi alikuwa ameshanyooka, ila daktari alimkataza kunyanyua kitu, kwa hiyo kamba ilizungushwa kwenye shina jingine libebe uzito. Kabla mkewe hajagusa gome, alikuwa ameshapokea maelekezo ya kuangusha msitu mzima. Akazima injini.

"Baba watoto, miaka yote hiyo nilipokuwa nakupigia kelele huku chini, ulikuwa unanisikia?"

Winchi alifikiri. "Nilikuwa nasikia injini tu."

"Basi na mimi nitasikia injini."

Akawasha. Winchi akaishika kamba, na woga mgeni ukamwingia: hakuwahi kumtazama mtu anayempenda akiwa chini ya mti unaotaka kuanguka. Akajiuliza mkewe aliwezaje, miaka nenda miaka rudi, halafu akirudi nyumbani anapika.

Mti ulilala walipotaka, isipokuwa tawi moja lililoondoka na mlango wa choo. Kwa bahati hapakuwa na mtu ndani. Mwalimu mkuu akaja kuuliza nani anahusika.

"Tawi hilo ni la upande wa kamba," mke alisema.

"La upande wa msumeno," Winchi alisema.

Waliendelea kubishana huku Winchi amepiga magoti kwa uangalifu akiurudishia mlango, mkewe akimpa msumari mmoja mmoja. Mlango ulikaa imara kuliko mwanzo, ingawa mwalimu wa hesabu alilalamika kwamba sasa komeo liko upande wa nje.