Ndege Waliohamia kwa Yunia

Saa nne asubuhi Rodah Chepkosgei alilaza picha ya Januari mezani katika studio yake ya Litein, akaweka rula ya chuma juu yake, akachukua wembe. Ilikuwa Novemba 1996. Kampuni ya chai iliyompa kazi ya kutengeneza kalenda ya ndege ilitaka mambo matatu: jicho la ndege ling'ae, nafasi ibaki mbele ya mdomo, na mtu asionekane.

Mtu alionekana. Katika picha zote kumi na mbili, nyuma ya ndege, upande wa kulia, alisimama Yunia Mongina na kikapu mgongoni. Haikuwa njama. Mwaka mzima Rodah alilala kifudifudi kati ya michai akingoja ndege watulie, na kila mwezi Yunia alikuwa hapo anachuma, kama alivyochuma kwa miaka kumi na mmoja. Kitabu cha ofisi kilisema mengine. Kila baada ya miezi mitatu jina lake lilifutwa kwa siku moja, kisha akaandikwa upya kama kibarua mgeni, asije akawa mfanyakazi wa kudumu na kudai nyumba ya mawe na malipo ya uzeeni. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Wahenga hawakuwahi kutembea kwenye shamba la chai.

Rodah akakata. Kipande chenye Yunia kikaanguka sakafuni. Alipotazama mezani aliona tawi tupu, bado linatikisika. Chozi, kale kandege kenye koo la kung'aa, alikuwa ameshahamia kwenye kipande cha sakafuni na kutua ukingoni mwa kikapu.

Rodah alidhani amekata karibu mno na mkia; ndege wengine hawapendi. Akachukua nakala nyingine, akaacha nafasi zaidi. Chozi akahama tena. Mdiria wa Aprili alihamia begani. Mnana wa Agosti alihama na kiota chake, shughuli iliyochukua dakika nzima. Kufikia saa kumi meza ilikuwa na matawi matupu kumi na mawili, na Rodah alikuwa na furaha ambayo hakujisumbua kuificha. Akaviokota vipande, akavipanga kuanzia Januari, akavipeleka kwa meneja.

Meneja alivipitia kwa makini, akasifu macho ya ndege. Kuhusu yule mama, alisema wachapishaji wanangoja na hakuna muda wa picha nyingine, kwa hiyo abaki, ila chini ya kila picha litaandikwa jina la ndege tu. Kalenda ikatoka nyembamba na ndefu, ikatundikwa katika kila ofisi ya kampuni kutoka Kapsoit hadi Sigowet.

Tarehe mbili Januari, vibarua walipanga foleni mbele ya meza ya karani, Benard. Kalenda ilikuwa ukutani, juu ya kichwa chake.

"Mama, ulishawahi fanya kazi hapa?" aliuliza bila kuinua macho.

Miaka yote Yunia alikuwa akijibu swali hilo vile ofisi ilivyotaka. Safari hii alizunguka meza, akashika kalenda.

"Januari," alisema. "Huyu ni mimi." Akafunua. "Februari. Huyu ni mimi."

Wanawake waliokuwa kwenye foleni wakaanza kutaja miezi pamoja naye. Walipofika Desemba, Bochaberi, aliyekuwa wa mwisho kabisa, alipiga vigelegele vikasikika hadi kiwandani. Yunia alilia, akacheka, akaifunua tena tangu mwanzo.

Benard alingoja wamalize, kwa maana alikuwa mtu wa adabu. Alikubali kwamba picha ya Desemba ndiyo nzuri kuliko zote. Kisha akachukua kalamu, akaandika: Yunia Mongina. Mgeni. Miezi mitatu.

Yunia akajitwika kikapu mgongoni. Chozi akashuka kutoka ukurasa wa Januari, akatua ukingoni, wakatoka pamoja, foleni nzima ikiwasindikiza kwa wimbo hadi kwenye michai.

Ukutani Yunia alibaki peke yake katika Januari, jicho linang'aa, nafasi ya kutosha mbele ya uso. Rodah alipopita ofisini wiki hiyo aliitazama picha kwa muda mrefu, akamwambia Benard kwamba hapo hakuna cha kukata.